Kutatua milinganyo ya kipeo cha pili hatua kwa hatua

Mlinganyo wa kipeo cha pili ni ule ambao herufi isiyojulikana, kwa kawaida x, imefika kwenye x² na haikupanda zaidi ya hapo. Umbo lake la jumla ni ax² + bx + c = 0, ambapo a, b na c ni namba zinazojulikana na a si sifuri, kwa kuwa a ikiwa sifuri x² inatoweka na mlinganyo unabaki kuwa wa kawaida tu. Wanafunzi wengi wa sekondari hufundishwa njia tatu za kuutatua kana kwamba ni mada tatu zisizojuana: kuvunja kwa mabano, kukamilisha mraba, na kutumia kanuni. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi akifika kwenye mtihani hubahatisha njia, huitumia kwa dakika kadhaa, kisha huifuta na kuanza nyingine. Mwongozo huu unazichukua zote tatu kuwa kazi moja, na unapendekeza kwamba kabla ya kuchagua njia yoyote utafute kwanza namba moja ndogo, b² − 4ac, kwa sababu ndiyo inayokujulisha mapema kama majibu yapo, ni mangapi, na kama yatapatikana kwa mabano.

Hatua ya kwanza: panga mlinganyo upande mmoja

Fungua mabano yote, hamisha kila kitu kwenda upande wa kushoto, kusanya vinavyofanana, na uache sifuri peke yake upande wa kulia. Chukua mfano huu:

3x(x − 2) = 2x − 5

Ukifungua mabano unapata 3x² − 6x = 2x − 5. Ukihamisha 2x na −5, kila kimoja kinabadili alama, na unapata 3x² − 8x + 5 = 0. Sasa andika pembeni, kwa maneno kamili, kwamba a = 3, b = −8, c = 5. Usiidharau kazi hii ya kuandika, na hasa usiiache alama ya kutoa iliyo mbele ya 8, kwa maana alama ni sehemu ya namba, na makosa mengi yanayoonekana baadaye kwenye kanuni huwa yalianzia hapa.

Ikiwa mlinganyo una sehemu, zidisha pande zote mbili kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zake, yaani namba za chini za sehemu hizo, ili zitoweke. Ikiwa namba zote tatu zinagawanyika kwa namba moja, zigawanye: 20x² − 60x + 40 = 0 ni sawa kabisa na x² − 3x + 2 = 0, na huo wa pili ni mwepesi zaidi. Jambo usiloruhusiwa ni kugawanya kwa x yenyewe. Mtu akipewa x² = 5x, mkono humwasha kukata x pande zote na kuandika x = 5, lakini kwa kufanya hivyo amelipoteza jibu la pili, kwa sababu x inaweza kuwa sifuri na hatuwezi kugawanya kwa sifuri. Njia sahihi ni x² − 5x = 0, yaani x(x − 5) = 0, na majibu ni 0 na 5.

Kwa nini sifuri, na si namba nyingine? Kwa sababu sifuri ina sifa ambayo hakuna namba nyingine inayo: zao la vitu viwili likiwa sifuri, lazima angalau kimoja kati yake kiwe sifuri. Zao likiwa 6, hatujui chochote kwa hakika, kwa kuwa 6 hupatikana kwa 2 na 3, kwa 1 na 6, kwa −2 na −3, na kwa sehemu zisizohesabika. Hivyo anayeona (x − 3)(x + 2) = 6 akaandika x − 3 = 6 na kupata 9 amekosea, na akijaribu jibu lake ataona mwenyewe: 6 mara 11 ni 66. Inampasa afungue mabano, apate x² − x − 6 = 6, ahamishe 6, na abaki na x² − x − 12 = 0, ambao majibu yake ni 4 na −3.

Hatua ya pili: tafuta b² − 4ac

Namba hii tuiite kibainishi. Katika mfano wetu wa 3x² − 8x + 5 = 0, kibainishi ni (−8)² − 4 × 3 × 5, yaani 64 − 60, ambayo ni 4. Kwa hesabu hiyo fupi tumeshajua mambo matatu. Kibainishi kikiwa zaidi ya sifuri, majibu ni mawili tofauti. Kikiwa sifuri, jibu ni moja. Kikiwa hasi, hakuna namba ya kawaida inayotosheleza mlinganyo, na mtu anaweza kukesha akitafuta mabano asiyapate kamwe.

Lipo pia jambo la nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kwa anayefanya mtihani. Kama a, b na c ni namba nzima zisizo na sehemu, na kibainishi ni mraba kamili, yaani mojawapo ya 0, 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea, basi mlinganyo utavunjika kwa mabano yenye namba nzima. Kama kibainishi si mraba kamili, mabano ya namba nzima hayapo, na ni bora uende moja kwa moja kwenye kukamilisha mraba au kwenye kanuni.

Hatua ya tatu: vunja kwa mabano pale inapowezekana

Tuseme bustani ya mstatili ina eneo la mita za mraba 120, na urefu wake unazidi upana kwa mita 7. Tukiuita upana x, urefu ni x + 7, na x(x + 7) = 120, ambao ukipangwa unakuwa x² + 7x − 120 = 0. Kibainishi ni 49 + 480 = 529, na 529 ni 23 mara 23. Mabano yapo.

Tunatafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 7 na zao lake ni −120. Kwa kuwa zao ni hasi, moja ni chanya na nyingine ni hasi, kwa hiyo tunapitia jozi zinazozaa 120 tukiangalia tofauti yake: 1 na 120, 2 na 60, 3 na 40, 4 na 30, 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15. Hapo tumefika, kwa sababu 15 ukitoa 8 unapata 7. Namba zetu ni 15 na −8, na mlinganyo unakuwa (x + 15)(x − 8) = 0. Ama x = −15, ama x = 8. Angalia kwamba alama zinageuka kutoka kwenye mabano kwenda kwenye jibu, kwa maana ni x + 15 inayopaswa kuwa sifuri, wala si 15.

Kwa kuwa kibainishi tulishakipata, kuna njia ya kufika bila kupitia orodha ndefu ya jozi. Namba mbili tunazozitafuta zina jumla ambayo ni b, na tofauti yake ni kipeuo cha pili cha kibainishi. Katika bustani yetu jumla ni 7 na tofauti ni 23. Kubwa basi ni nusu ya 7 + 23, ambayo ni 15, na ndogo ni nusu ya 7 − 23, ambayo ni −8. Hakuna kubahatisha hata kidogo. Sababu yake ni rahisi kuithibitisha: ukiziita namba hizo p na q, (p − q)² ni sawa na (p + q)² − 4pq, na huo ndio b² − 4ac wenyewe.

Njia hiyo hiyo inafaa pale a isipokuwa 1, ambapo wengi hukata tamaa. Chukua 6x² + x − 12 = 0. Hapa namba mbili zinazotafutwa zina jumla sawa na b, yaani 1, na zao sawa na a mara c, yaani −72. Kibainishi ni 1 + 288 = 289, ambayo ni 17 mara 17. Namba kubwa ni nusu ya 1 + 17, yaani 9, na ndogo ni nusu ya 1 − 17, yaani −8. Sasa gawa x iliyo katikati kuwa 9x na −8x, kisha toa nje ya mabano kilicho sawa katika kila jozi:

6x² + 9x − 8x − 12 = 0
3x(2x + 3) − 4(2x + 3) = 0
(3x − 4)(2x + 3) = 0

Mabano mawili yanayobaki katika mstari wa pili lazima yafanane. Yasipofanana, kagua alama kabla ya kuendelea, hasa ile −4 iliyotolewa nje, kwa kuwa imegeuza −12 kuwa +3 ndani ya mabano. Majibu ni x = 4/3 na x = −3/2.

Hatua ya nne: kamilisha mraba

Njia hii ndiyo chimbuko la kanuni, na anayeielewa vizuri hana haja ya kuihofia kanuni. Mfano wake maarufu una zaidi ya miaka elfu moja: ni wa Al-Khwarizmi, mwanazuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ambaye aliuliza ni mraba upi ukiongezewa mara kumi ya upande wake unakuwa 39. Kwa herufi zetu, x² + 10x = 39.

Chora mraba ambao kila upande wake ni x. Eneo lake ni x². Ile 10x igawe mara mbili, uwe na mistatili miwili ambayo kila mmoja una urefu wa x na upana wa 5. Bandika mmoja upande wa kulia wa mraba na mwingine upande wa chini. Umbo lililopatikana linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila pembeni, pale mistatili miwili inapotazamana, pana pengo la 5 kwa 5. Eneo tulilonalo ni 39. Tukijaza pengo kwa 25, mraba mkubwa una eneo la 64, hivyo upande wake ni 8. Lakini upande huo ni x + 5. Basi x ni 3.

Al-Khwarizmi aliishia hapo, kwa kuwa alikuwa akipima pande za maumbo na upande hauwezi kuwa hasi. Sisi tunaandika (x + 5)² = 64, na tunakumbuka kwamba 64 hupatikana kwa 8 mara 8 na pia kwa −8 mara −8, kwa hiyo x + 5 = 8 au x + 5 = −8, na majibu ni 3 na −13. Anayesahau alama ya kujumlisha au kutoa (±) mbele ya kipeuo cha pili anapoteza nusu ya jibu.

Utaratibu wenyewe, bila mchoro, ni huu: peleka c upande wa kulia, gawanya kila kitu kwa a ili x² ibaki peke yake, chukua nusu ya namba iliyo mbele ya x, izidishe kwa yenyewe, na uijumlishe pande zote mbili. Tuone 2x² − 6x − 3 = 0, ambao kibainishi chake ni 36 + 24 = 60, na 60 si mraba kamili, kwa hiyo hatupotezi muda kutafuta mabano.

2x² − 6x = 3
x² − 3x = 3/2
x² − 3x + 9/4 = 3/2 + 9/4
(x − 3/2)² = 15/4
x = (3 ± √15)/2

Nusu ya −3 ni −3/2, na mraba wake ni 9/4. Mahali panapoteleza ni upande wa kulia: mtu huongeza 9/4 kushoto na kuisahau kulia. Kwa desimali, √15 ni takriban 3.873, na majibu ni takriban 3.436 na −0.436.

Hatua ya tano: tumia kanuni

Sasa fanya kazi ile ile, lakini badala ya namba tumia a, b na c. Peleka c kulia, gawanya kwa a, na unapata x² + (b/a)x = −c/a. Nusu ya b/a ni b/2a, na mraba wake ni b²/4a². Ijumlishe pande zote, kisha upande wa kulia uweke kwenye asili moja:

(x + b/2a)² = (b² − 4ac)/4a²

Chukua kipeuo cha pili pande zote, hamisha b/2a, na unapata

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Hii ndiyo kanuni inayokaririwa madarasani, na ndani ya kipeuo chake kimo kibainishi tulichokitafuta tangu hatua ya pili. Inatatua kila mlinganyo wa aina hii, uwe mwepesi au mgumu, kwa hiyo anayehofia mabano anaweza kuitegemea yenyewe peke yake. Ninachosisitiza ni namna ya kuiandika. Tuchukue 5x² − 4x − 2 = 0, ambapo a = 5, b = −4, c = −2.

Kwanza −b. Kwa kuwa b ni −4, −b ni +4. Pili b², ambayo ni (−4)², yaani 16. Anayetumia kikokotoo aweke −4 ndani ya mabano, la sivyo vikokotoo vingi vitampa −16. Tatu −4ac: ni −4 × 5 × (−2), na hasi mbili zikizidishana zinatoa chanya, hivyo ni +40. Kibainishi ni 56, na √56 ni takriban 7.483. Mwisho, mstari wa kugawanya lazima ufike chini ya kiasi chote, kuanzia −b hadi mwisho wa kipeuo, kwa sababu ni vyote viwili vinavyogawanywa kwa 2a, si kipeuo peke yake. Tunapata (4 + 7.483)/10 na (4 − 7.483)/10, yaani takriban 1.148 na −0.348.

Hatua ya sita: hakiki majibu

Majibu mawili ya mlinganyo wowote wa aina hii yakijumlishwa hutoa −b/a, na yakizidishwa hutoa c/a. Uhakiki huu huchukua muda mfupi sana, na sioni sababu ya kuuacha. Katika mfano uliotangulia, 1.148 + (−0.348) ni 0.8, na −b/a ni 4/5, ambayo ni 0.8. Zao ni takriban −0.4, na c/a ni −2/5. Majibu yanakubalika.

Hata hivyo uhakiki huu unakagua mlinganyo uliopangwa, haukagui kama ulipangwa sawasawa. Kwa hiyo majibu ya maswali yenye mabano yarudishwe kwenye swali lenyewe. Mfano wetu wa kwanza, 3x(x − 2) = 2x − 5, una majibu 1 na 5/3. Tukiweka 1, kushoto ni 3 × (−1) = −3, na kulia ni 2 − 5 = −3. Tukiweka 5/3, kushoto ni 5 × (−1/3) = −5/3, na kulia ni 10/3 − 5 = −5/3.

Swali la maneno linahitaji ukaguzi mmoja zaidi, kwa kuwa mlinganyo haujui kwamba x ni upana wa bustani. Jibu la −15 linaukubali mlinganyo lakini halikubaliki kwa bustani, hivyo linaachwa kwa sentensi moja inayoeleza kwa nini, na upana ni mita 8, urefu mita 15. Si kila jibu hasi linaachwa, lakini: likiwa ni joto, deni au nafasi kwenye mhimili, linaweza kuwa sahihi kabisa. Wala si kila swali linabakiza jibu moja.

Mpira ukirushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na tukichukua mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde na kuuacha upinzani wa hewa, kimo chake baada ya sekunde t ni 20t − 5t². Je, utakuwa kwenye kimo cha mita 15 lini? Tunaandika 20t − 5t² = 15, tunapanga, tunagawanya kwa 5, na tunapata t² − 4t + 3 = 0. Kibainishi ni 16 − 12 = 4, mabano ni (t − 1)(t − 3) = 0, na majibu ni sekunde 1 na sekunde 3. Yote mawili ni ya kweli: mpira ulipita hapo ukipanda, na ukapita tena ukishuka. Anayefuta moja kwa kudhani kwamba swali lazima liwe na jibu moja amefuta nusu ya safari ya mpira.

Ukiuliza kimo cha mita 20, mlinganyo unakuwa t² − 4t + 4 = 0, kibainishi ni sifuri, na jibu ni moja tu, sekunde 2, kwa kuwa hapo ndipo kilele na mpira hukigusa mara moja. Ukiuliza mita 25, unapata t² − 4t + 5 = 0, na kibainishi ni 16 − 20 = −4. Usiendelee kutafuta, wala usidhani umekosea hesabu. Andika kwamba kibainishi ni hasi, kwa hiyo hakuna muda wowote ambao mpira hufika mita 25, na hilo ndilo jibu kamili la swali. Wanaosoma namba changamano katika madarasa ya juu wataandika majibu ya mlinganyo wenyewe kuwa 2 + i na 2 − i, ambapo i ni kipeuo cha pili cha −1, lakini mpira utabaki umeishia mita 20.